Flaiwili Nzito Ndiyo Iliyofika Tunduma

Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta, na Tunduma, leo katika Mkoa wa Songwe, ikageuka mlango wa nchi nzima. Mapipa yakapandishwa malorini Dar es Salaam, yakapita Iringa, Mbeya na Vwawa hadi Nakonde ng'ambo ya mpaka. Kiangazi vumbi, masika tope. Wageni wakaiita barabara ile Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat.

Mwaka huohuo, na tena 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari Rally kwa Peugeot 404. Kila mwenye 404 akajiona Shankland. Na kazi mojawapo ya kuandaa gari la mashindano ni kukereza flaiwili.

Flaiwili ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa nyuma ya krenki. Klachi hukamata uso wake, stata hudaka meno ya ukingoni. Injini ya silinda 4 hupata msukumo mmoja kila nusu mzunguko; katikati hapo sahani hiyo ndiyo inayobeba mwendo. Ukiipunguza uzito, resi hupanda upesi na kushuka upesi, gia zikaingia chapuchapu. Nguvu ya injini haiongezeki hata farasi mmoja, na hapo ndipo vijana hudanganyana. Faida iko gia ya kwanza na ya pili. Ya nne huioni. Mkereza hodari hula ukingo, kwa kuwa kilo moja ya ukingoni hufanya kazi ya kilo 4 zilizo nusu ya njia kutoka kitovuni.

Lori lenye mapipa lilitaka kinyume chake. Limesimama mlimani, utingo ameshika gogo nyuma ya tairi, dereva anaachia klachi taratibu: flaiwili nzito ndiyo iliyoisaidia injini isizimike. Ukiniuliza mimi, Zambia ilipata mafuta kwa uzito ule zaidi kuliko kwa farasi wa injini.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968, malori yalipata nafuu. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, ikiwa na stesheni Tunduma.

Wewe mwenye 404 ya babu, kereza ukitaka resi, lakini ujue sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, itatetemeka na kuondoka mlimani kutakuwa kazi. Chuma cha kumimina kikikerezwa kupita kiasi hupasuka kikiwa kwenye mwendo mkali, na vipande vinaweza kutoboa hadi miguuni mwa dereva. Kama hujampata fundi wa kuisawazisha pamoja na krenki, iache flaiwili ya kiwandani ilivyo.