Udhibiti wa meli za kigeni kwa ajili ya ulinzi

Ni mamlaka ya serikali kukagua, kuchelewesha, kuzuia au kufukuza bandarini meli inayopeperusha bendera ya nchi nyingine. Msingi wake ni kanuni ya 9, sura ya XI-2 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, iliyopitishwa London Desemba 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2004.

Kwa kawaida afisa huangalia tu cheti cha kimataifa cha ulinzi wa meli. Kikiwa halali, ukaguzi huishia hapo, isipokuwa pawepo sababu za wazi za kuishuku meli. Kabla meli haijaingia bandarini, nahodha anaweza kutakiwa kueleza hatua za ulinzi zilizochukuliwa katika bandari 10 za mwisho alizopitia. Akiarifiwa kwamba meli itakaguliwa, anaweza kughairi na kwenda zake.

Kuinyima meli ruhusa ya kuingia, au kuifukuza, huruhusiwa pale tu inapoaminika kuwa tishio la papo hapo lisiloondoleka kwa njia nyingine. Meli iliyocheleweshwa isivyostahili ina haki ya fidia, kifungu ambacho wenye meli hawakisahau.