Walimwengu wa Nyota Nyingine

Usiku ambao taa za umeme huzimika katika bara ya Kisauni, mtu aliyeko Mjambere huziona nyota kwa wingi usioonekana siku nyingine. Watoto hutoka nje, na kabla mkubwa yeyote hajasema neno, mmoja wao huuliza: huko juu nako kuna watu? Swali hili ni la kale kuliko Ngome ya Mombasa, na wakubwa wengi hulijibu kwa kicheko. Lakini si swali la kuchekwa. Limewashughulisha wanachuoni kwa karne nyingi, na sehemu moja ya jawabu lake, ndogo lakini yenye thamani, ilitafutwa kutoka katika maji ya pwani yetu wenyewe.

Wenyeji wa pwani hawakupata kuzihesabu nyota kuwa mapambo matupu. Nahodha aliyeng'oa nanga kwenda Maskati aliongozwa nazo usiku, na mkulima alikitazama Kilimia ajue majira ya kulima. Tena wazo la kuwa binadamu si kiumbe pekee mwenye akili halikuwa geni kwao: habari za majini, walioumbwa kwa moto, wenye wema wao na waovu wao, zilisimuliwa katika kila nyumba. Katika elimu ya Kiislamu, Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, alishindana na wafuasi wa Aristotle waliosema kwamba ulimwengu hauwezi kuwa ila mmoja. Yeye alishika kuwa Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kuumba maelfu ya malimwengu mengine. Huko Ulaya ubishi huo ulikuwa na hatari yake. Giordano Bruno, aliyefundisha kuwa nyota ni majua yenye dunia zao na wakazi wao, alichomwa moto mjini Roma mwaka 1600, miaka saba tu baada ya Wareno kuanza kuijenga Ngome ya Mombasa. Hilo halikuwa shitaka la pekee juu yake, bali lilikuwamo.

Darubini zilipoongezeka nguvu, matumaini ya watu yalihamia Mirihi. Mwaka 1877 Mtaliani Giovanni Schiaparelli aliona mistari juu ya sayari hiyo, akaiita kwa neno la lugha yake lenye maana ya mifereji. Wasomaji wa Kiingereza walilifahamu neno hilo kuwa ni mifereji iliyochimbwa, na kilichochimbwa sharti kiwe na mchimbaji. Mmarekani Percival Lowell aliandika vitabu vizima juu ya taifa la Mirihi lenye kiu, linalovuta maji kutoka ncha zenye barafu. Mwezi wa Julai 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu na sayari ile na kuleta picha: ardhi kavu yenye mashimo kama ya mwezi. Taifa la Mirihi likatoweka kwa siku moja, nalo lilikuwa limezaliwa kwa neno lililofasiriwa vibaya.

Sasa nije kwenye kisa chetu. Mwaka 1967 mwanafunzi mmoja wa Cambridge, Jocelyn Bell, alikuwa akisoma karatasi ndefu zilizochorwa na darubini ya redio aliyosaidia kuijenga. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Ilipochunguzwa, ilionekana kuwa mapigo ya redio yanayorudi kila baada ya sekunde moja na thuluthi, bila kuchelewa wala kuharakisha. Ni nani apigaye ngoma kwa usahihi namna ile? Yeye na mwalimu wake, Antony Hewish, kwa nusu mzaha, waliyapa mapigo hayo jina la watu wadogo wa kijani kibichi. Lakini kabla mwaka haujaisha Bell alipata mapigo mengine ya namna ile katika upande mwingine wa mbingu, na hapo shaka ikaondoka. Haikuwa yamkini mataifa mawili yasiyojuana, yaliyotengwa na umbali usiosemeka, yachague kuiita dunia yetu kwa njia moja na wakati mmoja. Yaliyokuwa yakipiga ni mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, kila moja yenye uzito kupita jua, nao umeshindiliwa katika tufe la upana wa kilomita 20 hivi, takriban umbali wa kutoka Likoni hadi Mtwapa. Tufe hilo huzunguka kwa kasi, na kila mzunguko hutupa miali upande wetu mfano wa mnara wa taa uongozao meli.

Miaka mitatu baadaye pwani ya Kenya iliingia katika habari hii. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliani walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma juu ya miguu, na tangu 1967 setilaiti zilirushwa kutoka hapo. Hawakupapenda kwa uzuri wa mandhari. Mahali hapo ni karibu na Ikweta, ambapo dunia yenyewe huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi irukayo kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, na Marjorie Townsend, mwanamke aliyeisimamia kazi hiyo, akaiita kwa neno la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Miali hiyo huzuiwa na hewa yetu isifike chini, kwa hiyo hapana budi chombo kiende juu kuipokea.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na kutokana nayo iliandikwa orodha ya vyanzo 339 vya miali. Kimoja, katika kundi la nyota la Centaurus, kilionekana mwaka 1971 kikipiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha kikafichika na kutokea tena kila baada ya siku mbili na ushei. Maana yake ilikuja kufahamika: nyota mfu inaizunguka nyota hai na kuinyonya, na kila ikipita nyuma yake miali hukatika. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kiliwapa wataalamu sababu ya nguvu ya kuamini kuwa mashimo meusi, ambayo hata nuru haitoki ndani yake, yako kweli. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Msomaji ataniuliza, haya yahusu nini na viumbe wenye akili? Yahusu sana. Kabla ya miaka ile mtu aliweza kusema kuwa alama yoyote inayorudi kwa kipimo sawa ni kazi ya akili. Mapigo ya Bell na ya setilaiti yetu (nimesema yetu, ingawa Kenya ilitoa pwani na jina, na elimu ikaenda kusomwa kwingine) yalionyesha kuwa mbingu huweza kupiga saa bila mpiga kengele. Tangu hapo kila ishara ya ajabu huulizwa kwanza ikiwa maumbile peke yake hayawezi kuitoa. Hiyo ni kazi ya subira, isiyowapendeza wapenda miujiza.

Na wanaotafuta wapo. Mwaka 1960 Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili zilizo jirani na jua, asisikie kitu. Wengi wamemfuata, na hadi leo hakuna ishara iliyothibitishwa. Lakini jambo moja limebadilika. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, iliyo mfano wa jua letu, na sasa sayari za nyota nyingine zinazojulikana zimepita 5,000. Mwaka 2019, nchi mbalimbali zilipopewa nafasi ya kutoa majina, Kenya iliita nyota moja Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo yenye maana ya kimbunga cha upepo na vumbi. Jina limesadifu, kwa kuwa Buru ni tufe la gesi linaloizunguka nyota yake kwa siku tatu hivi, karibu mno na moto wake. Sidhani kama kuna anayeishi huko. Na hata angekuwapo, nuru huchukua miaka 130 hivi kutoka kwake hadi kwetu, basi salamu na jawabu lake ni miaka 260.

Kwa rai yangu uhai huenda ukawa mwingi, na akili haba. Ushahidi uko hapa Kenya. Mawe yaliyochongwa ya Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, yana umri wa miaka milioni 3.3. Ni mengi kwa hesabu ya mwanadamu. Lakini ukiufanya umri wote wa dunia kuwa siku moja ya saa 24, mawe yale yalichongwa takriban dakika moja kabla ya mwisho, nayo redio ilivumbuliwa katika sehemu ndogo kuliko moja ya mia ya sekunde ya mwisho. Mgeni aliyepita wakati mwingine wowote wa siku hiyo asingekuta mtu wa kuzungumza naye. Pengine sisi nasi tunazitazama dunia nyingine mchana, na watu wao watazaliwa usiku, au walikwisha kuzikwa asubuhi.

Tena akili si lazima ifanane na yetu. Nenda miambani maji yakitoka umtazame pweza. Ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu imo mikononi, si kichwani. Mzee wa pamoja baina yake na sisi aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, naye alikuwa kama mnyoo tu. Hata hivyo pweza hujifunza, hufumbua mafumbo na kumhadaa adui. Chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mushtarii, wataalamu wana sababu nzuri za kuamini kuwa ipo bahari. Mwenye akili akizaliwa katika bahari kama hiyo hatawasha moto wala kuyeyusha chuma, na kwa barafu iliyo juu yake hatajua kuwa kuna nyota. Darubini zetu zitamsubiri bure.

Je, tuwaite, au tunyamaze? Watu wa pwani wana haki ya kusikilizwa katika shauri hili, maana wamepata kuwaona wageni wakitokea upeo wa bahari. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga China, na baada yake merikebu za Zheng He zikafika pwani hii, zikabadilishana zawadi na kuondoka. Mwaka 1498 alifika Vasco da Gama, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaichoma Mombasa. Aliyesimama ufukoni hakuweza kujua kwa kutazama matanga tu ni wageni wa namna gani wanaokuja.

Hata hivyo wito umekwisha kutolewa. Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kimechukua sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55. Kiarabu kimo, Kigujarati kimo, Kiganda na Kinyanja vimo. Umo pia wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri. Kiswahili hakimo. Mwaka 2012 chombo hicho kilivuka mpaka wa upepo wa jua kikaingia baina ya nyota, na kitahitaji miaka ipatayo 40,000 kabla ya kupita karibu na nyota nyingine.