Mwadui: Uzio, Shimo na Kaburi

Mji wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ulijengwa na mgodi kwa ajili ya mgodi. Kabla ya mwaka 1940 palikuwa pori na mbuga za Wasukuma: mashamba ya mtama, makundi ya ng'ombe, na mibuyu iliyosimama mmoja mmoja juu ya udongo unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika. Mtu anayetoka Shinyanga kwenda Mwanza leo hauoni mji huo akiwa barabarani. Huona mji mdogo wa Maganzo kwanza, kisha kwa mbali vilima vilivyosawazika juu kama meza. Vilima hivyo si vya asili, ni mchanga uliotolewa ardhini, ukasagwa, ukaoshwa na kutupwa.

Mwanzilishi wa mgodi huo alikuwa John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyezaliwa Quebec mwaka 1907 na kusomea Chuo Kikuu cha McGill. Baada ya kufanya kazi kwenye migodi ya watu wengine, alizunguka nchi ya ziwa kwa miaka kadhaa akitafuta chimbuko la almasi zilizokuwa zikiokotwa hapa na pale. Mara nyingi alitembea akiwa mgonjwa na mfuko mtupu. Machi 1940 alilipata. Simulizi inayopendwa zaidi husema jiwe la kwanza lilikuwa chini ya mbuyu, na ndiyo maana mti huo umekuwa alama ya kwanza ya Mwadui hata kwa watu wasiojua unasimama wapi. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kupata fedha za kuanzia, naye akawa mwanahisa.

Alichokigundua ni mdomo wa volkano iliyolipuka miaka ipatayo milioni 50 iliyopita. Eneo lake ni hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani kati ya yale yaliyochimbwa kwa faida. Ukubwa huo ndio ulioamua sura ya mji, kwa kuwa mwamba wa Mwadui ni mpana lakini almasi zake zimetawanyika sana. Katika miaka ya karibuni tani 100 za udongo zimetoa karati kama 6 tu, yaani zaidi kidogo ya gramu moja. Kwa hiyo kila kiganja cha almasi kilichosafirishwa kiliacha kilima nyuma yake. Mitambo ya kusaga na kuosha ilihitaji umeme na maji mahali ambapo mvua si ya kutegemewa, ikabidi mabwawa yachimbwe. Katika nchi hiyo kame wazungu wa mgodi walifikia hata kuwa na klabu ya mashua.

Katika miaka ya 1940 na 1950 Mwadui ilikuwa na hospitali, shule, kanisa, maduka, uwanja wa ndege na uwanja wa gofu, wakati ambapo vijiji vya jirani vilichota maji kwenye visima vya kuchimba kwa mkono. Nyumba ziligawanywa kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kampuni wakati wa ukoloni: wazungu upande wao, Wahindi upande wao, na vibarua Waafrika kwenye kota. Anayetaka kuijua historia ya Mwadui hana budi kuzitazama kota kwa makini zaidi kuliko nyumba za mameneja, kwa sababu wengi walioutoa mwamba huo ardhini hawana alama nyingine yoyote yenye majina yao.

Juu ya yote kulikuwa na uzio. Wasukuma walikuwa na uzio wao tangu zamani, ngitili, eneo la malisho lililofungwa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulitumia desturi hiyo kurudisha miti katika mkoa uliokuwa ukigeuka jangwa. Ngitili hufunguliwa wakati wa shida. Uzio wa Mwadui ulifanya kazi tofauti: ni seng'enge, walinzi na geti, na asiye mkazi haingii bila kibali.

Kumbukumbu ya Mwadui inayojulikana kuliko zote haipo Shinyanga. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi lenye karati 54.5, na Williamson akalitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo. Likachongwa London hadi karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya vito ya Cartier ikaliweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Elizabeth, baada ya kuwa malkia, aliivaa hadharani mara nyingi, na kwa njia hiyo kipande cha ardhi ya Kishapu kilionekana na watu wengi kuliko kitu kingine chochote kutoka mkoa huo.

Williamson alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50, akazikwa Mwadui. Hakuwa na mke wala mtoto. Mwaka huohuo ndugu zake waliuza mgodi, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Tanzania iliutaifisha, De Beers wakarudi miaka ya 1990, kisha Petra Diamonds ya Uingereza ikauchukua mwaka 2009. Katika mabadiliko yote hayo jina la marehemu liliendelea kutajwa katika jina la kampuni, Williamson Diamonds.

Nje ya geti historia ina sura nyingine. Maganzo ilikua kwa biashara ya mawe, na hapo ndipo neno wabeshi lilipopata maana yake: vijana wanaoingia usiku kuchekecha mchanga wa mgodi. Mwaka 2021 Petra ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 waliosema wao au ndugu zao walipigwa, walijeruhiwa au waliuawa katika ulinzi wa mgodi. Hilo halina mnara, ingawa linastahili. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji vya jirani.

Ukilinganisha Mwadui na ukanda wa dhahabu wa Geita, tofauti ni kubwa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini sehemu kubwa ya historia ya dhahabu huko iko kwa wachimbaji wadogo, ambao hujenga kwa maturubai na miti. Duara, yaani shimo la uchimbaji, hushikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa ukutani ili udongo usiporomoke. Dhahabu ikiisha, matimba hung'olewa na kupelekwa duara jingine, maturubai hukunjwa, karasha, mashine ya kusaga mawe, hupakiwa kwenye gari. Msimu wa mvua ukipita hubaki shimo lenye maji.

Mwadui imebaki na matofali yake. Klabu ya mpira ya mji, Mwadui FC, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015 na kushuka mwaka 2021. Kwa misimu hiyo sita Simba na Yanga walikuja kucheza Mwadui Complex, na mashabiki kutoka Maganzo na vijiji vya Kishapu wakapita kwa wingi kwenye geti ambalo baba zao walilipita kwa kibali cha kazi.