Bersin, Alan

Bersin, Alan (amezaliwa Brooklyn, New York, 1946), mwanasheria wa Marekani ambaye, baada ya kushika nyadhifa kubwa za ulinzi wa mipaka, aliiacha kazi ya serikali akajiunga na wanazuoni. Alisoma Harvard, Oxford na Yale. Mwaka 1993 alifanywa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu katika wilaya ya kusini ya California, na kuanzia 1995 akakabidhiwa pia mambo ya mpaka wa Meksiko, zama za Operesheni Gatekeeper ya kuulinda mpaka huo, iliyopunguza wavukaji karibu na San Diego, lakini ikawasukuma kwenye majangwa na milima walikofariki wengi, jambo ambalo kila mtafiti mwadilifu hana budi kulitia katika hesabu. Rais Obama alimteua kamishna wa forodha na ulinzi wa mipaka mwaka 2010, Seneti ikiwa mapumzikoni. Na kwa kuwa haikumthibitisha, aliondoka mwishoni mwa 2011, akahudumu kwingine katika Wizara ya Usalama wa Ndani hadi 2017, ndipo akaingia Kituo cha Belfer, Harvard.

Rai yake mashuhuri, aliyoieleza katika makala ya 2012 angali serikalini, ni kwamba mpaka si mstari wa ramani pekee, bali ni mikondo ya watu, bidhaa, fedha na habari, hivyo yafaa hatari itambuliwe mapema, mbali na forodhani, ili msafiri na mfanyabiashara wa halali wapite bila taabu. Rai hiyo ina nguvu kwa sababu mwenyewe aliwahi kuulinda mstari huo.