Nadharia ya Mifumo na Funzo la Ziwa Victoria

NADHARIA ya mifumo ni mtazamo wa kitaaluma unaoshikilia kwamba kitu changamano hakieleweki kwa kuchunguza kila sehemu yake peke yake, bali kwa kutazama jinsi sehemu hizo zinavyoathiriana.

Mmoja wa waasisi wake ni Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia mzaliwa wa Austria, aliyechapisha kitabu maarufu kuihusu mnamo 1968. Naye Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alianza katika miaka ya 1950 kuchunguza mienendo ya mifumo kwa kutumia kompyuta.

Misingi yake mikuu ni:

(i) Uhusiano: Badiliko katika sehemu moja huzigusa nyingine.

(ii) Mrejesho: Matokeo hurudi yakawa chanzo. Upo mrejesho unaochochea mabadiliko na ule unaoyadhibiti.

(iii) Ucheleweshaji: Athari huweza kuchukua miaka mingi kudhihirika.

Mfano bora ni Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, au mbuta, aliingizwa ziwani humo. Nia ilikuwa kuwafanya fulu, samaki wadogo wasio na thamani kubwa sokoni, wawe chakula cha samaki mkubwa. Kwa muda mrefu hali ilionekana shwari. Katika miaka ya 1980, sangara walifurika na spishi nyingi za fulu zikatoweka.

Viwanda vilijengwa na minofu ikauzwa Ulaya. Hata hivyo, sangara ana mafuta mengi, hivyo hakaushiki juani kwa urahisi kama fulu. Hukaushwa kwa moshi, na kuni hutoka mitini. Miti inapokatwa, mvua husomba udongo wenye rutuba hadi ziwani. Rutuba hiyo, pamoja na mbolea na majitaka, hustawisha mwani na gugumaji. Baadhi ya fulu waliokula mwani walikuwa wamekwisha kuliwa. Mwani unapooza, oksijeni hupungua majini na samaki hufa, akiwemo sangara mwenyewe.

Je, kosa lilikuwa la nani? Mvuvi, mkulima na afisa wa samaki kila mmoja alitazama sehemu yake tu.

Mnamo 1994, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuunda shirika la pamoja la uvuvi, kwani samaki hawajui mipaka. Hata hivyo, shirika la uvuvi pekee halitoshi iwapo misitu na mashamba yatasimamiwa kana kwamba hayahusiani na ziwa.