Matanglawin: kipindi cha sayansi cha Kuya Kim

Wengi wetu hapa Pwani tuliwajua Wafilipino kupitia tamthilia. Ile The Promise ilipokuwa ikionyeshwa Kenya, kulikuwa na nyumba ambazo chakula cha usiku kilingoja mpaka kipindi kiishe. Jina lake la asili ni Pangako Sa 'Yo, na ilitengenezwa na ABS-CBN, stesheni ya Manila. Tulichokosa kuletewa ni kazi nyingine ya stesheni hiyohiyo, nayo ni kuwasomesha watu sayansi kwa lugha yao.

Matanglawin, kwa lugha ya Kifilipino, ni jicho la mwewe. Kipindi kilianza 2008, na kwa miaka mingi kilikuwa cha Jumapili asubuhi. Mtangazaji wake, Kim Atienza, ni mwana wa Lito Atienza aliyekuwa meya wa Manila, na mwenyewe alishakuwa diwani wa jiji hilo kabla ya runinga kumpa umaarufu mkubwa zaidi. Nchi nzima humwita Kuya Kim. Kuya ni kaka mkubwa. Waliofanya kazi Jeddah au Doha pamoja na Wafilipino watakuwa wamelisikia neno hilo kila siku.

Nimetazama vipande vya kipindi hiki na Kifilipino sikijui, lakini ukitazama huchoki. Kuya Kim hasimulii akiwa amekaa studio. Anakwenda mikoani, anamshika nyoka, anaingia kwenye maji, anamuuliza mkulima au mvuvi afanyavyo kazi yake, kisha anaeleza kwa nini mambo yako hivyo. Nyumbani mwenyewe hufuga wanyama wa ajabu ajabu, kwa hivyo haonekani kama mtu aliyekodiwa kuigiza ujasiri. Mtoto anamtazama kwa sababu ni nyota, na kabla kipindi hakijaisha ameshajifunza mmeng'enyo wa chakula wa chatu.

Nafasi hiyo haikuwa mpya. Kabla yake alikuwepo Ernie Baron, mtangazaji wa hali ya hewa kwenye taarifa ya habari ya TV Patrol, aliyekuwa pia na kipindi cha maarifa kiitwacho Knowledge Power. Baron alifariki Januari 2006, na Kuya Kim ndiye aliyekalia kiti chake cha hali ya hewa. Kwa watoto wa shule za msingi, stesheni ilikuwa imeshatoa Sine'skwela tangu 1994, kipindi cha sayansi kilichofuata mtaala. Nchi hiyo pia ina sheria ya 1997 inayotaka angalau asilimia 15 ya muda wa kila siku wa stesheni iwe ya vipindi vinavyowafaa watoto. Mimi ningependa kuisikia sheria kama hiyo ikijadiliwa Nairobi.

Lakini jambo lililonivuta kuandika ni lugha. Shule za Ufilipino, kama zetu, zimezoea kufundisha sayansi kwa Kiingereza. Matanglawin ilieleza kwa Kifilipino, na ukitaka kujua uzito wa hilo, kumbuka kimbunga Haiyan, ambacho wenyewe walikiita Yolanda, kilichopiga tarehe 8 Novemba 2013. Onyo lilitolewa mapema. Watu waliambiwa wajihadhari na "storm surge". Mjini Tacloban wengi hawakulielewa neno hilo. Hawakujua kwamba maana yake ni bahari kunyanyuliwa na kusukumwa na upepo mpaka ndani ya mitaa, kama ukuta wa maji. Baadaye manusura walisema lau wangeambiwa tsunami inakuja, wangekimbia. Yolanda iliua zaidi ya watu 6,000.

Hapa kwetu pia, Desemba 2004, tsunami ilipofika hadi Malindi, wangapi kati yetu walikuwa wamewahi kulisikia neno lenyewe kabla ya siku hiyo?

Sitaki kukipamba kipindi kuliko kilivyo. Kilikuwa cha biashara, kilihitaji watazamaji, na mara nyingi kilipenda kile kinachoshtua: mnyama mkubwa, mdudu mwenye sumu, chakula ambacho mgeni angekikimbia. Mwalimu wa baiolojia angepata ya kulalamikia. Hata hivyo mwalimu huyo ana wanafunzi arubaini darasani, na Kuya Kim alikuwa na nchi nzima, bila ada, kwa yeyote mwenye antena juu ya paa.

Antena hiyo ndiyo iliyokatwa. Leseni ya ABS-CBN ya miaka 25, inayotolewa na bunge, ilimalizika mwanzoni mwa Mei 2020. Rais Rodrigo Duterte alikuwa ameshatangaza hadharani kwamba haitaki stesheni hiyo. Tarehe 5 Mei mdhibiti aliamuru mitambo izimwe, na Julai 10 kamati ya bunge ikakataa leseni mpya kwa kura 70 dhidi ya 11. Wakati huohuo shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na wizara ya elimu ikitafuta njia ya kuwafikia watoto majumbani kupitia runinga. Mwisho wa Juni ving'amuzi vya kampuni hiyo navyo vilizimwa, pamoja na matangazo ya Knowledge Channel, chaneli ya masomo, yaliyokuwa yakipitia humo.

Matanglawin iliishia mwaka huo. Stesheni iliendelea kwenye kebo na mtandao, jambo linalomfaa mwenye pesa ya kebo na bando. Mwaka 2021 Kuya Kim alihamia GMA, wapinzani wa miaka yote, akaanza kipindi kingine, Dapat Alam Mo!, yaani unapaswa kujua. Nyota alipata kwa kwenda. Mtoto wa kisiwa kisicho na kebo, aliyekuwa akishika ABS-CBN peke yake, alibaki na skrini yenye chenga.