Maji Yalipochemka Ujiji

Mama wa chai pale soko la samaki Bagamoyo hana haja ya kipimajoto. Kwanza viputo vidogo hushika chini ya sufuria, kisha maji huanza kulia, halafu yanatokota. Je, yalichemka lini hasa?

Kusini kidogo, Kaole, ndiko wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walikoanzia safari ya bara kutafuta chanzo cha Nile, Juni 1857. Mizigoni mlikuwa na vipimajoto. Ukipanda mlima, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema: kila mita 300 hivi, nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo sufuria ya maji yanayotokota inaweza kukuambia umepanda kiasi gani kutoka baharini, na bahari hii ya Kaole ndiyo sifuri.

Walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1858, vyombo vingi vikiwa vimeharibika. Speke alipima kimo cha ziwa kwa kipimajoto cha maji ya kuogea, akapata futi 1,800 na ushei. Ukweli ni zaidi ya futi 2,500. Nimepiga hesabu: kosa lile halifiki hata nyuzi 1! Lakini Speke alishikilia kwamba ziwa liko chini mno kulisha Nile, Burton akakikataa kipimajoto, na ugomvi wao, uliokuwa na sababu nyingi, ukapata kuni nyingine.

Hasok Chang, mwanafalsafa na mwanahistoria wa sayansi wa Cambridge aliyezaliwa Korea Kusini, ameliandikia swali la mama wa chai kitabu kizima, Inventing Temperature (2004). Humo yumo De Luc wa Geneva, karne ya 18, aliyetikisa chupa ya maji kwa wiki 4 ili kuyatoa hewa. Maji yale yakafika nyuzi 112 bila kuchemka. Yumo pia mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac, aliyeona kwamba ndani ya kioo maji huchelewa kuchemka kuliko ndani ya chuma. Ile 100 tuliyokariri shuleni ilitafutwa kwa jasho. Mwaka 1777 kamati ya Royal Society, London, ilishauri kipimajoto kisitumbukizwe majini, kikae kwenye mvuke.

Suala la Tanganyika na Nile lilikuja kukatwa kwa njia nyingine. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley, aliyetokea Bagamoyo, alipanda mtumbwi na mmisionari Livingstone hadi kaskazini mwa ziwa, wakautazama mto Rusizi. Ulikuwa unaingia ziwani, hautoki kwenda Nile.